Je, Matunda Ndiyo Chakula cha Asili cha Binadamu?

Utangulizi

Mgonjwa wa kisukari anapoketi mbele ya mhudumu wa afya na kueleza kwamba ameacha ugali, maharage na samaki, na kwamba sasa anaishi kwa maembe, mapapai na ndizi mbivu peke yake, suala linalomkabili mhudumu huyo si la sukari ya damu tu. Uamuzi wa mgonjwa umejengwa juu ya hoja. Ameambiwa kwamba binadamu aliumbwa ale matunda. Kwamba sokwe, jamaa wa karibu wa binadamu, huishi kwa matunda na ana nguvu kumshinda mtu. Na kwamba maradhi ya leo yameletwa na sufuria na moto. Hoja hiyo haifai kubezwa, kwa kuwa imebeba ukweli ndani yake. Mgonjwa anayekemewa kwa sababu yake huondoka bila kushawishika, na pengine asirudi tena kliniki.

Somo hili linaichambua hoja hiyo hatua kwa hatua. Baada ya kulisoma, msomaji anatarajiwa aweze kueleza mambo matatu: ni kwa kiasi gani mwili wa binadamu umejengwa kwa ajili ya kula matunda, kwa nini matunda peke yake hayawezi kuulisha mwili huo, na ni wagonjwa gani ambao mlo wa matunda matupu unaweza kuwadhuru haraka zaidi.

Tunda ni nini, na asili ni nini?

Katika lugha ya kila siku, tunda ni kitu kitamu kinacholiwa kibichi: embe, chungwa, nanasi, papai. Kwa wataalamu wa mimea, tunda ni sehemu ya mmea inayobeba mbegu, hivyo nyanya, boga, tango, bamia na biringanya ni matunda pia. Ndizi mbichi inayopikwa Bukoba au Kilimanjaro ni tunda kwa mtaalamu wa mimea, lakini kwa mpishi na kwa mwili ni chakula cha wanga, ndugu wa muhogo na viazi. Kwa hiyo anayesema kwamba anakula matunda tu anapaswa kuulizwa kwanza anakusudia yapi. Katika somo hili, neno tunda linatumika kwa maana ya kila siku.

Neno asili nalo linahitaji uangalifu. Matunda mengi yanayojaa sokoni leo hayakuwahi kuonwa na wahenga wa binadamu waliokulia Afrika. Embe lilitoka Asia ya Kusini. Ndizi na chungwa vilitoka Asia pia. Papai, nanasi, pera, stafeli na parachichi vililetwa kutoka mabara ya Amerika katika karne chache zilizopita. Zaidi ya hayo, wakulima wamechagua miche kwa vizazi vingi ili wapate matunda makubwa zaidi, matamu zaidi na yenye mbegu chache. Ndizi mwitu imejaa mbegu ngumu kiasi kwamba nyama yake ni haba. Matunda ya porini kwa kawaida yana nyuzinyuzi nyingi na sukari kidogo kuliko ya shambani. Anayetaka kuonja tunda la asili ya Afrika na akumbuke ubuyu na ukwaju: ni makavu au machachu, yana kokwa kubwa, wala si rahisi kuyala mpaka kushiba. Kikapu cha maembe ya kisasa, kwa hiyo, ni zao la kilimo sawa na gunia la mahindi.

Alama za matunda katika mwili wa binadamu

Hata hivyo, anayedai kwamba binadamu ana uhusiano wa kale na matunda hajakosea. Mwili wenyewe unashuhudia.

Ushahidi wa kwanza ni vitamini C. Wanyama wengi, akiwemo mbuzi, ng'ombe na mbwa, huitengeneza vitamini hii wenyewe ndani ya miili yao. Binadamu hawezi, wala sokwe na nyani hawawezi. Jeni ya kimeng'enya kinachokamilisha utengenezaji huo ipo bado katika chembe za urithi, lakini imeharibika na haifanyi kazi. Maelezo yanayokubalika ni kwamba mababu wa jamii hii ya wanyama, mamilioni mengi ya miaka iliyopita, walikuwa wakila matunda na majani mabichi kwa wingi, hata kupotea kwa uwezo huo hakukuwadhuru.

Madhara yalionekana baadaye sana, binadamu alipojitenga na matunda na mboga. Mabaharia wa safari ndefu walitokwa na damu kwenye fizi, wakang'oka meno, majeraha yao yakakataa kupona, na wengi wakafa kwa kiseyeye. Mwaka 1747 daktari wa meli James Lind, akiwa katika meli ya Uingereza iliyoitwa Salisbury, aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye katika jozi 6, kila jozi ikapewa tiba yake. Jozi iliyopewa machungwa mawili na limau moja kila siku ilipata nafuu haraka kuliko zote. Jaribio hilo linahesabiwa miongoni mwa majaribio ya kwanza ya tiba yaliyolinganisha makundi ya wagonjwa.

Ushahidi wa pili ni macho. Binadamu na sokwe hutofautisha vyema rangi nyekundu na kijani, jambo ambalo mbwa na ng'ombe hawaliwezi. Wataalamu wengi wanaona kwamba uwezo huo ulisaidia kulitambua tunda lililoiva, au jani changa, katikati ya majani mengi. Ushahidi wa tatu ni ulimi: mtoto mchanga hupokea ladha tamu kwa furaha tangu siku ya kwanza, na hukunja uso kwa kitu kichungu.

Kwa hiyo hoja ya mgonjwa ina msingi. Mwili wa binadamu unahitaji matunda na mboga, na ukinyimwa huugua. Lakini kuhitaji kitu si sawa na kutosheka nacho. Mwili unahitaji maji pia, na hakuna anayeishi kwa maji matupu.

Sokwe wa Gombe na Mahale

Mfano wa sokwe hutajwa mara nyingi, na Tanzania ndiyo nchi ambako sokwe wamechunguzwa kwa muda mrefu kuliko karibu kila mahali duniani. Jane Goodall alianza uchunguzi wake Gombe, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mwezi Julai 1960. Kabla ya hapo ilidhaniwa na wengi kwamba sokwe ni mla mimea tu. Mwaka ule ule aliwaona sokwe wakila nyama, na pia wakiingiza vijiti katika vichuguu ili kuvua mchwa na kuwala. Uchunguzi uliofuata Gombe, na ule ulioanzishwa na Toshisada Nishida huko Mahale mwaka 1965, ulithibitisha kwamba sokwe huwinda kwa ushirikiano, hasa mbega wekundu, na kwamba nyama hugombewa na kugawanywa kama kitu cha thamani.

Ni kweli kwamba matunda, hasa ya jamii ya mikuyu, ni zaidi ya nusu ya chakula cha sokwe katika sehemu nyingi. Lakini sehemu iliyobaki si pambo. Majani humpa protini na madini; wadudu na nyama humpa mafuta, madini ya chuma na vitamini B12. Hata mnyama anayetajwa kuwa kielelezo cha ulaji wa matunda hakuyategemea matunda matupu.

Utumbo, mate na moto

Tofauti ya pili iko ndani ya tumbo. Sokwe ana utumbo mpana mkubwa, ambamo bakteria huchachusha nyuzinyuzi za majani na matunda ya porini na kuzigeuza kuwa nishati. Kwa binadamu mambo yamegeuka: zaidi ya nusu ya ujazo wa njia ya chakula ni utumbo mwembamba, na utumbo mpana ni mdogo ukilinganishwa na wa sokwe. Umbile hili linaafikiana na chakula laini kilichosheheni virutubishi, kinachosagika na kufyonzwa haraka, wala si na mzigo mkubwa wa makapi. Katika nadharia waliyoitoa mwaka 1995, Leslie Aiello na Peter Wheeler walipendekeza kwamba kupungua kwa utumbo kuliendana na kukua kwa ubongo, kwa kuwa viungo vyote viwili hula nishati nyingi na mwili ungelemewa kuvihudumia vyote vikiwa vikubwa.

Mate nayo yana habari yake. Yana kimeng'enya kiitwacho amilesi, kinachoanza kuvunja wanga mdomoni. Sokwe ana nakala mbili tu za jeni ya amilesi ya mate. Binadamu wengi wana nakala nyingi zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uligundua kwamba jamii zilizozoea vyakula vya wanga, wakiwemo Wahadzabe wanaochimba mizizi, zina nakala nyingi kwa wastani kuliko jamii zinazokula wanga kidogo, kama Wadatoga ambao ni wafugaji. Mwaka huo huo watafiti waliwachunguza watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha kwamba uwezo wa watu wazima kumeng'enya sukari ya maziwa ulijitokeza miongoni mwa wafugaji wa Afrika Mashariki kwa mabadiliko ya jeni tofauti na yale ya Ulaya. Mwili wa binadamu, kwa maneno mengine, haukukoma kubadilika msituni. Umeendelea kujirekebisha kufuata shamba, zizi na jiko.

Moto pia una nafasi yake. Kupika hulainisha chakula, huua vimelea, huondoa sumu katika baadhi ya mimea kama maharage, na humwezesha mlaji kupata nishati zaidi kutoka katika kiasi kile kile cha chakula. Madhara ya kuuacha moto kabisa yameonekana. Huko Ujerumani, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 uliwahoji watu 513 waliokuwa wakila vyakula vibichi kwa muda mrefu. Wengi walikuwa wamepungua uzito, na miongoni mwa wanawake wenye umri chini ya miaka 45, takriban asilimia 30 hedhi yao ilikuwa imevurugika au imekoma. Hedhi inapokoma kwa sababu ya lishe, mwili unatoa taarifa kwamba hauna akiba ya kutosha kubeba mimba.

Mifupa ya Olduvai na Koobi Fora

Ushahidi wa kale zaidi umo ardhini. Mwaka 1959 Mary Leakey alifukua katika Bonde la Olduvai fuvu maarufu la Zinjanthropus. Katika eneo lile lile la uchimbaji, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.8, ilipatikana mifupa ya wanyama yenye alama za kukatwa kwa mawe makali na ya kupondwa ili kutoa uboho. Walioacha alama hizo walikuwa wakila nyama na uboho zamani hizo.

Huko Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, ilipatikana mifupa ya mwanamke wa kale aliyeishi zaidi ya miaka milioni 1.5 iliyopita. Mifupa hiyo ilikuwa na uvimbe usio wa kawaida. Mwaka 1982 Alan Walker na wenzake walipendekeza kwamba mwanamke huyo alidhurika kwa vitamini A iliyozidi, pengine baada ya kula maini ya wanyama wala nyama. Mtaalamu mwingine alipendekeza baadaye kwamba vitamini hiyo ilitokana na majana, yaani watoto wa nyuki. Katika maelezo yote mawili, chanzo ni mnyama na si tunda.

Kwa picha iliyo hai, Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi wanatoa funzo. Wale wanaofuata maisha ya kuwinda na kukusanya hula asali, nyama, ubuyu, matunda madogo ya porini na mizizi. Kila chakula kina majira yake. Tunda linapokosekana mzizi huchimbwa; mawindo yakipatikana nyama huliwa. Kinachowahifadhi ni wingi wa aina za vyakula na uwezo wa kuhama kutoka kimoja hadi kingine. Ikiwa kuna mlo unaostahili kuitwa wa asili kwa binadamu, basi ni huo: mlo wa mchanganyiko, unaobadilika kufuata mahali na majira.

Hesabu ya sahani

Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 60 anahitaji takriban gramu 50 za protini kwa siku, kwa kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito. Ikichukuliwa kwamba anahitaji kilokalori 2,000 kwa siku, na akataka kuzipata zote kwa aina moja ya tunda, hesabu yake itakuwa kama ifuatavyo, kwa makadirio:

– Maembe: kilo 3.3 za nyama ya embe, zitakazompa gramu 27 za protini na zaidi ya gramu 400 za sukari.
– Mapapai: zaidi ya kilo 4.5, zitakazompa gramu 22 hivi za protini.
– Ndizi mbivu: kilo 2.25, yaani ndizi 22 za gramu 100 zikiwa zimemenywa, zitakazompa gramu 25 za protini.

Katika kila hali, mlaji anashiba hata kuchoka, naye bado amepata karibu nusu tu ya protini anayohitaji. Parachichi lina mafuta mazuri, takriban gramu 15 katika kila gramu 100, lakini protini yake ni gramu 2 tu. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina kiasi cha gramu 15 za protini, na yai moja gramu 6.

Upungufu hauishii kwenye protini. Matunda hayana vitamini B12 kabisa. Yana madini ya chuma, zinki na kalsiamu kidogo. Anayeacha chakula cha chumvi huacha pia madini joto yanayotiwa katika chumvi. Wapo wanaosema kwamba bakteria wa tumboni hutengeneza B12. Ni kweli, lakini huitengeneza katika utumbo mpana, ilhali vitamini hiyo hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba, kabla ya kufika huko. Hivyo nyingi hutoka na choo bila kumfaa mwenyewe.

Funzo kutoka Buganda

Afrika Mashariki inao mfano wa watu waliolishwa na tunda. Buganda, matoke ndicho chakula kikuu: ndizi mbichi iliyomenywa, ikafungwa katika majani na kupikwa kwa mvuke. Watu wazima waliila pamoja na karanga, maharage, mboga, samaki au nyama, wakastawi. Lakini watoto wadogo walioachishwa kunyonya na kulishwa zaidi ndizi pasipo mchuzi wa kutosha walipatwa na kwashiorkor: miguu kuvimba, nywele kubadilika rangi, ngozi kubanduka na uchangamfu kutoweka. Katikati ya karne ya 20, Hospitali ya Mulago mjini Kampala ikawa moja ya vituo vikuu vya kuuchunguza ugonjwa huo, na mwaka 1954 Hugh Trowell na wenzake wawili wakachapisha kitabu kizima juu yake.

Leo inafahamika kwamba chanzo cha kwashiorkor ni zaidi ya upungufu wa protini pekee. Maambukizi na upungufu wa virutubishi vingine huchangia. Funzo, hata hivyo, limebaki pale pale. Ndizi ile ile iliyomtosha baba kwa sababu ilikuwa na kitoweo ilimwangusha mtoto kwa sababu ilikuwa peke yake.

Kwa nini mgonjwa hujisikia vizuri mwanzoni

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi, na ndipo mhudumu anapohitaji uelewa. Anayeanza kula matunda tu huacha kwa wakati mmoja soda, maandazi, chipsi, pombe na sahani kubwa ya wanga. Uzito hupungua, choo huwa laini, na shinikizo la damu huweza kushuka. Nafuu hiyo ni ya kweli, lakini sehemu kubwa yake imetokana na vilivyoachwa.

Madhara huja polepole. Ini la mtu aliyekula vizuri huwa na akiba ya vitamini B12 ya miaka kadhaa, hivyo dalili za upungufu huchelewa. Foleti iliyomo katika matunda na mboga huweza kuficha upungufu wa damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Kisha hutokea ganzi za miguu, kuyumba katika kutembea, ulimi kuuma na kusahau. Ikiwa hali itaachwa kwa muda mrefu, sehemu ya madhara hayo haiponi tena.

Kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia metformini mtego huu ni wa pande mbili, kwa kuwa dawa hiyo nayo hupunguza ufyonzwaji wa B12 ikitumiwa kwa muda mrefu. Ganzi yake husingiziwa kisukari, na sababu inayotibika ikapita bila kutambuliwa.

Walio katika hatari zaidi

*Wagonjwa wa kisukari.* Tunda zima kwa kiasi halikatazwi. Chungwa moja, kipande cha papai au nusu ya embe vinaweza kuingia katika mlo wa siku. Juisi ni jambo jingine: glasi moja hukusanya sukari ya machungwa kadhaa na kuacha nyuzinyuzi kwenye chujio. Anayetumia insulini au glibenklamidi akibadili mlo ghafla, sukari yake inaweza kupanda au kushuka kwa kiwango cha hatari. Mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza anayeacha insulini kwa sababu ya mlo wowote anahatarisha uhai wake.

*Wagonjwa wa figo.* Ndizi, machungwa na parachichi zina potasiamu nyingi. Figo dhaifu hushindwa kuitoa, nayo ikizidi katika damu huweza kusimamisha moyo. Birimbi lina asidi ya oksaliki kwa wingi. Huko Kerala nchini India, madaktari waliripoti wagonjwa ambao figo zao zilidhurika ghafla baada ya kunywa juisi yake nzito kama dawa.

*Wanaotumia dawa fulani.* Balungi huongeza kiwango cha baadhi ya dawa katika damu, zikiwemo nifedipini na simvastatini. Wanaotumia dawa zinazobakiza potasiamu mwilini, kama spironolaktoni, wasiongeze matunda kupita kiasi bila ushauri.

*Wajawazito na wanaonyonyesha.* Mama asiyepata B12 humnyonyesha mtoto maziwa yenye upungufu, na mtoto huweza kudumaa akili kabla mama hajaonyesha dalili.

*Watoto wachanga.* Chakula cha kwanza cha binadamu ni maziwa ya mama, yenye mafuta, protini na sukari kwa pamoja. Katika miezi 6 ya kwanza mtoto hahitaji juisi wala tunda. Baada ya hapo tunda lililopondwa ni jema, likiandamana na mayai, dagaa, maharage, karanga na mboga, huku kunyonya kukiendelea.

*Wagonjwa wa kifua kikuu na wanaoishi na virusi vya ukimwi.* Mwili unaopigana na maambukizi huhitaji nishati na protini ya kutosha. Tunda ni msaidizi wa dawa na chakula, wala halishiki nafasi ya chochote kati ya hivyo.

Namna ya kuzungumza na mgonjwa

Mazungumzo mazuri huanza kwa kukubali lililo kweli. Mhudumu aweza kusema: "Mama, umefanya jambo jema kuacha soda na kuongeza matunda. Hilo tuliendeleze. Sasa tuangalie kilichokosekana kwenye sahani." Kisha ayafanye haya:

1. Aulize mlo huo umeanza lini, unahusisha vyakula gani, na kama dawa zimeachwa. Swali la dawa liulizwe waziwazi, kwa upole.
2. Apime uzito, shinikizo la damu na sukari. Apime wingi wa damu, na kipimo cha B12 kikipatikana kifanyike. Achunguze hisia za miguu.
3. Asimwamuru mgonjwa aache matunda. Amwombe arudishe vitu viwili: jamii ya kunde, na chakula kimoja chenye B12, kama dagaa, maziwa au mayai.
4. Asiyekula chochote cha mnyama kwa imani au hiari yake aheshimiwe, apewe ushauri wa kula kunde, karanga, mbegu na nafaka, na aandikiwe vidonge vya B12.
5. Panga siku ya kumwona tena, hasa dozi ya dawa ikihitaji kurekebishwa.

Matunda nayo yapewe heshima yake. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na watu wengi hawazifikii. Pera, ambalo bei yake ni nafuu katika msimu, lina vitamini C takriban mara nne ya ile ya chungwa kwa uzito ule ule. Vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mchicha. Kwa hiyo chungwa, pera au maji ya limau pamoja na mlo hufaa zaidi kuliko chai, ambayo huzuia ufyonzwaji huo. Embe na papai zina viasili vya vitamini A, ambavyo hufyonzwa vizuri chakula kikiwa na mafuta kidogo. Tunda na mboga ya maharage, vikikutana katika mlo mmoja, hufanya kazi ambayo kimoja peke yake kisingeiweza.

Hitimisho

Matunda ni sehemu ya asili ya chakula cha binadamu, lakini si chakula chote cha asili. Vitamini C inaonyesha kwamba mwili hauwezi kuishi bila mimea mibichi. Vitamini B12 inaonyesha kwamba mwili huo huo haukuzoea kuishi kwa mimea mitupu. Mgonjwa aliyetajwa mwanzoni hana haja ya kuyatupa maembe yake. Anahitaji kuyapunguza yafikie kiasi, kurudisha maharage na samaki pembeni yake, kuendelea na dawa, na kupimwa mapema kabla ganzi haijaanza.

Maswali ya marejeo

1. Kwa nini binadamu hupata kiseyeye ilhali mbuzi hapati?
2. Taja tofauti mbili kati ya njia ya chakula ya sokwe na ya binadamu, au kati ya mate yao, na ueleze maana yake katika mlo.
3. Mgonjwa wa kisukari anayetumia metformini amekula matunda tu kwa miaka miwili na sasa analalamika ganzi za miguu. Ni sababu zipi mbili zinazopaswa kuchunguzwa?
4. Kwa nini juisi ya chungwa haihesabiwi kuwa sawa na chungwa zima?
5. Tunga mlo wa siku moja kwa vyakula vya soko la jirani, wenye matunda angalau mawili na chanzo kimoja cha vitamini B12.